Nilizipa kadi za mtandao majina ya kudumu, Bi Zuhura akageuza waya

Salaam wakuu. Ninayoyasimulia hapa ni ya kweli. Mkionja chumvi, ni ya upepo wa Tanga.

Nilimaliza chuo miaka ile viwanda vya Tanga vinauzwa kimoja baada ya kingine. Digrii yangu ya kompyuta ikapokelewa kwa heshima zote: nikaajiriwa na Bi Zuhura, mama wa Kipemba mwenye kafe ya intaneti pale Ngamiani, nisimamie kompyuta chache na feni mbovu.

Seva ilikuwa ya Linux, kwa sababu ni ya bure. Ilikuwa na kadi mbili za mtandao: moja ya waya utokao kwenye antena nje, nyingine ya waya uendao kwa wateja ndani.

Sasa Linux ya wakati ule ilikuwa na busara zake. Kadi iliyowahi kuamka iliitwa eth0, iliyochelewa eth1. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi zinabadilishana majina, na kwa kuwa mipangilio inafuata jina, intaneti inakufa.

Dawa niliyoigundua kwa elimu yangu yote: chomoa waya zote mbili, zigeuze.

Nikafunga uzi mwekundu wa kanga kwenye waya wa nje ili utambulike, nikamfundisha Bi Zuhura kuzigeuza. Alifuzu siku hiyohiyo.

Mimi sikutulia. Je, nikiugua? Je, kadi zina kinyongo na mimi?

Nikasoma mpaka nikakuta kwamba kila kadi ina anwani yake ya MAC, imepewa kiwandani. Asubuhi moja nikaandika kwenye faili la /etc/mactab: anwani hii iitwe "nje", ile iitwe "ndani". Mipangilio mingine nikaifanya ifuate majina hayo. Nikawasha upya tena na tena. Safi!

Sikumwambia mtu. Nilitaka wajionee maajabu.

Mchana akaja Mwalimu Mhina kutoka Maramba. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi ng'ambo, na jibu la kukubali lilitakiwa kabla ya jioni ile, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Ameanza tu kuandika, umeme ukakatika. Umeme wenye adabu zake.

Nikaenda kuswali Alasiri. Narudi, umeme upo, seva imewaka, intaneti hakuna.

"Vipi, mwanangu?"

"Dakika moja, mwalimu."

Ilikuwa dakika ya kisomi. Nikakagua anwani herufi kwa herufi. Nikashuku sifuri kuwa ni herufi O. Nikashuku antena, mvua ya juzi, mwisho nikashuku hata swala yangu. Mwalimu anatazama saa, anatazama mlango, ananitazama mimi.

Nilikuwa nakaribia kufuta kazi yangu yote, Bi Zuhura akasema kutoka kitini kwake:

"Wahangaika nini? Waya nshageuza zamani!"

"Lini, mama?"

"Umeme uliporudi tu. Si wewe ulonfundisha? Au ningoje umalize dua?"

Nikazigeuza tena. Intaneti ikaja. Mwalimu akatuma jibu, akakaa palepale mpaka chuo kikathibitisha kimelipata. Ndipo akainuka.

"Ahsante, Bi Zuhura. Ila usiguse kitu mpaka nivuke kizingiti."

Somo, wakuu: zipeni kadi zenu majina ya kudumu kwa anwani ya MAC, halafu watangazieni binadamu. Kadi zilielewa kwa mistari miwili. Bi Zuhura aliacha kugeuza pale tu nilipoufungua ule uzi wa kanga, na akaninunia.

Mliokuwa na seva enzi hizo, nyinyi mlikuwa mnageuza nini? Na wale wa "ungeweka Windows", karibuni pia, kiti cha chini ya feni mbovu kipo wazi.