Afisa Mipango Aliyekwenda kwa Miguu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi moja ya mipango miji hapa Dodoma, nikifuatilia hati ya kiwanja changu kwa mara ya sijui ngapi. Ukutani walibandika ramani ya mji inayoonyesha eneo la nyumba za bei nafuu, pembezoni, mbele kabisa ya Mkonze, ili wananchi watoe maoni.

Mama mmoja anayefanya usafi hospitalini aliitazama sana, mkono kiunoni.

"Shikamoo, baba," akamwambia afisa mipango, mzee anayekaribia kustaafu. "Nyumba ni nafuu kweli. Lakini mimi naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka huko nitafikaje?"

Nikasubiri jibu tulilozoea kupewa siku zote: andika barua. Mzee akavua miwani.

"Marahaba. Sijui, mama. Niache nikaone."

Jana nilirudi. Nikamkuta ana suruali ya kitambaa na kandambili, anachechemea. Alfajiri alitoka kwenye eneo lile akatembea hadi hospitalini, bila kupata gari hata moja.

"Nimefika saa moja na nusu," alimwambia bosi wake mbele yetu. "Yule mama angeshafukuzwa kazi."

Kisha akachora duara la penseli kwenye ramani, karibu na stendi ya mabasi, kwenye kiwanja kilichotengwa kwa hoteli: nyumba zijengwe pale. Bosi akakuna kichwa. Sijui kama duara hilo litapona.

Ramani nyingi nilizoziona zilichorwa na watu wenye viti vizuri. Hii ni ya kwanza kuchorwa na mtu mwenye malengelenge.