Fundi Numbi na Masanduku ya Kompyuta

Ambroise Numbi alifanya kazi katika karakana ya mabati ya kiwanda cha shaba, hapa Likasi, kusini mwa Kongo, tangu alipokuwa kijana asiye na mke. Alikunja mabomba ya moshi, alitengeneza makabati ya kuwekea nguo za kazi, na alijua kuziba kifuniko cha mashine mpaka mafuta yasipate pa kutokea. Mwaka 1991 mshahara ulianza kuchelewa, kisha ukawa unga, kisha hata unga ukakoma. Wanaume waliendelea kuamka asubuhi na kuvaa kofia zao, wakaenda kukaa kwenye karakana zisizo na bati wala umeme, wakarudi.

Numbi aliacha kwenda. Alifungua kibanda nyuma ya nyumba yake mtaani Kikula, akawa anatengeneza mbabula, yaani majiko ya kupikia kwa makaa, pamoja na ndoo na masanduku ya nguo. Mkewe, Georgette, alizibeba kichwani kwenda kuziuza sokoni. Walikuwa na watoto wakubwa waliokwisha kuoa na kuolewa mbali, kwa hiyo midomo nyumbani ilikuwa miwili tu, na hata hiyo haikushiba kila siku.

Baada ya wanajeshi kupora mji mwaka ule, na raia kumalizia walichoacha, jirani yake aliingia kibandani amebeba beseni lililofunikwa kwa kitenge. Huyo alikuwa Déogratias, mwalimu wa umeme katika shule ya ufundi, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Numbi. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai kuja kujenga reli, naye alizaliwa hapa hapa Likasi. Alifunua beseni. Ndani kulikuwa na mabamba ya kijani yenye vidudu vya chuma, nyaya, na feni ndogo kama kiganja cha mtoto.

"Ni kintu gani hii, mwalimu?" Numbi aliuliza.

"Ni ordinateur, kompyuta, baba. Bantu balitoa tôle, bati ya inje, bakatengeneza nayo mbabula. Tumbo bakalitupa. Minye nimeliokota."

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Unirudishie ngozi."

Numbi alicheka. Hakuwa amecheka siku nyingi. Alichukua mlango wa friji iliyoungua, akaukwangua rangi, akaukata na kuukunja kufuata vipimo alivyoonyeshwa. Sanduku la kwanza lilimpiga shoti Déogratias mpaka akaangusha kiti. La pili lilipata joto, mashine ikazimika yenyewe kila ilipokaa kidogo. Numbi akafikiri, akatoboa matundu chini na juu, jinsi anavyotoboa mbabula ili ivute hewa, na feni akaiweka upande wa juu. Kingo akazikunja ndani zisikate mikono. Déogratias akaunganisha waya wa kwenda ardhini. Mashine ikawaka, ikakaa imewaka, na watu wazima wawili wakasimama mbele ya kioo cheusi chenye herufi nyeupe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mjini kulikuwa na matumbo mengi ya kompyuta yaliyozagaa, na sanduku jipya kutoka Afrika Kusini ni wenye duka kubwa tu walioweza kulinunua. Sanduku la Numbi ulilipata kwa unga, kwa mafuta ya mawese, hata kwa kuku mmoja. Alikuja mwenye kinu, akaja mpiga chapa wa barua za watu sokoni, wakaja wanafunzi waliochanga. Lilikuwa zito, na ukilipiga ngumi linalia kama ndoo, lakini halikumwangusha mtu.

Déogratias naye aliweka mashine mbili sebuleni kwake, vijana waje kucheza. Mchezo ulikuwa mmoja: ndege ya rangi ya kijivu inayopita kati ya milima. Kucheza kwa vidole kwenye kibodi kuliwachosha, wakataka kile kifimbo cha kushika mkononi, manette. Déogratias akang'oa vile vipande vya kuongezea sauti kwenye redio mbovu, viwili kwa kila manette, kimoja cha kwenda kushoto na kulia, kingine cha kupanda na kushuka. Numbi akachonga mpini wa mpera, akaufunga juu ya kopo la maziwa ya unga, na kibonye cha kupigia risasi kikatoka kwenye tochi.

Binti ya Déogratias, Shekina, aliyekuwa darasa la tatu, alikuwa wa kwanza kuijaribu. Akainamisha mwili mzima pamoja na ndege.

"Mama, angalia! Inanisikia!" alipiga kelele.

Mama yake, Madeleine, alitoka jikoni na mikono yenye unga wa bukari, ule ugali wetu, akaangalia, akasema, "Kumbe ulikuwa unafundisha kweli, Déo. Nilizani unacheza na takataka."

Vijana walijaa. Aliyekuwa hodari kuliko wote aliitwa Hénoc, mtoto wa jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyemaliza shule na hakuna kazi iliyomngoja. Alikuwa akimwita Déogratias "mwalimu wangu". Nawaambia haya kwa sababu mimi pia nilikaa kwenye benchi la sebuleni kwa mwalimu nikingoja zamu yangu.

Mwaka 1992 maneno yakabadilika. Redioni na kwenye mikutano tulianza kuambiwa kwamba njaa yetu ina sababu, na sababu hiyo ni watu wa Kasai waliochukua kazi zetu. Waliitwa bilulu, yaani wadudu. Watu waliokula nao sahani moja wakaanza kuwaita hivyo, kwanza kwa mzaha. Kisha makundi ya vijana yakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Siku walipofika kwa Déogratias waliwapa muda wa kubeba kinachobebeka, basi. Madeleine alibeba sufuria na blanketi, na Shekina akabeba mdogo wake. Déogratias alizifungua mashine haraka haraka, akaleta mabamba yale kwa Numbi, katika beseni lile lile la kwanza.

"Baba, uniwekee. Tukirudia, tutaanza tena."

"Mutaenda wapi?"

"Ku gare, kama bote. Banasema train itakuja."

Masanduku matupu na manette alimwachia vilevile. Nyumba ililala watu wengine siku hiyo hiyo.

Kwenye gare, stesheni ya treni, walikuwa maelfu. Walilala kando ya reli na chini ya miti, wengine katika madarasa ya shule, na treni haikuja, au ilikuja ndogo ikajaa kabla haijasimama. Numbi aliwapelekea akina Déogratias unga mara mbili. Mara ya pili alimkuta Déogratias anajenga kibanda cha matete na gunia, na mawingu yalikuwa yameshajikusanya upande wa Kamatanda.

"Mvua ikinyesha hapa tutaoga," Déogratias alisema. Kisha, akiangalia pembeni kama mtu anayeona haya, "Zile masanduku, baba. Ungezikunjua? Mabati yake yatafunika batoto."

Numbi alirudi, akaketi kibandani, akaanza kung'oa ribiti alizozigonga mwenyewe. Alikunjua kila pembe kwa nyundo ya mti mpaka bati likalala. Georgette alimwona akifanya kazi ile na machozi yakimtoka. Alimsaidia kuyafunga mabati kwenye baiskeli kwa mpira.

Kabla hajafika gare, kundi la vijana lilimsimamisha. Aliyeshika usukani wa baiskeli alikuwa Hénoc.

"Baba Numbi, unapeleka wapi ile tôle?"

"Ku gare. Kwa mwalimu wako."

"Minye sina mwalimu kule. Kule kuko bilulu. Weye ni wa hapa, juu ya nini unabasaidia?"

"Batoto balale mu mvua, Hénoc? Shekina umemusahau?"

Hénoc alilegeza mkono kwenye usukani, na pengine angemwachia, lakini wenzake walikuwa wanamwangalia. Alivuta baiskeli. Numbi hakuiachilia. Mmoja akapiga mkono wake wa kulia kwa chuma, akapiga tena, na alipoanguka wakaendelea kuukanyaga. Baiskeli ikaenda, na mabati yakaenda nayo.

Hospitali haikuwa na plasta wala dawa. Mkono ulifungwa kwa vijiti. Numbi alikaa kitandani ana homa, na juu ya paa mvua za kwanza zikaanza, siku baada ya siku. Kila ilipoanza alimwambia Georgette, "Hiyo inabanyeshea." Georgette alijaribu kwenda gare mara moja, akarudishwa njiani kwa mawe.

Alipoweza kutembea alikwenda, mkono ukining'inia shingoni kwa kitambaa. Alimkuta Madeleine ameketi juu ya sufuria yake iliyopinduliwa, watoto wawili wamemwegemea. Déogratias hakuwepo.

"Tulimuzika juzi, baba," Madeleine alisema. "Alikuwa anatufunika na mwili wake. Kifua kikamushika, kisha tumbo. Aliuliza kama umekuja."

Numbi alitaka kueleza. Akainua mkono uliofungwa. Madeleine akautazama kwa muda, akaelewa, akatikisa kichwa.

"Usiseme kitu. Bangekuua bure."

"Vintu vyake niko navyo. Ile beseni. Nikuletee?"

"Nitafanyia nini? Ule mwenye kuvifahamu ameenda."

Treni ilikuja wiki iliyofuata na kuwachukua kuelekea Mwene-Ditu, huko Kasai, mahali ambapo Madeleine hakuwahi kufika maishani mwake. Shekina alipakiwa kupitia dirishani. Baadaye fundi mmoja wa reli alituletea habari kwamba aliwaona wakishuka, na kwamba kule nako waliitwa wageni, kwa sababu watoto walijua Kiswahili tu, si lugha ya kule. Baada ya hapo hatukusikia lolote.

Mkono wa Numbi ulipona ukiwa umepinda. Vidole vitatu havikufunga tena. Hakuweza kushika mkasi wa bati, na alipojaribu kwa mkono wa kushoto alikata bati vibaya na kujikata mwenyewe. Mabamba ya kijani yakaliwa na unyevu. Georgette akarudi kuuza mihogo.

Miaka ilipita. Serikali ilianguka, jeshi jingine likaingia, na vijana waliorudi kutoka Zambia wakaleta michezo ya kuunganisha kwenye televisheni. Mchana mmoja Hénoc aliingia kibandani. Alikuwa mtu mzima sasa, ana ndevu, amefungua chumba cha michezo ng'ambo ya barabara. Mkononi alikuwa na manette ya plastiki iliyovunjika.

"Baba Numbi, inaweza kutengenezwa? Mupya ni bei sana."

Numbi aliunyosha mkono wake wa kulia juu ya meza, kati yao, akauacha pale. Hénoc aliuangalia, kisha akaangalia ukuta.

"Mwalimu ndiye alikuwa anajua ya ndani," Numbi alisema.

"Alirudia kwao, si ndiyo?" Hénoc aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwao ilikuwa ile nyumba pale. Amekufa ku gare. Mvua."

Hénoc aliiweka manette mezani, akajipangusa uso kwa mikono miwili. Akatoka, akasahau manette juu ya meza, na hakuja kuichukua.

Mwaka huo huo Numbi aliuza fuawe na mkasi kwa mtu wa mtaa wa Panda. Yeye na Georgette wakahamia Kapolowe kwa ndugu wa mke, wakapewa kipande cha shamba. Nilimtembelea mara moja. Alikuwa analima kwa mkono mmoja, jembe limefungwa kwapani kwa kamba, na mahindi yake yalikuwa mafupi ya manjano. Nikamwambia mjini watu wanaulizia masanduku yake, kwamba kompyuta zinaanza kurudi. Aliinama akang'oa jani.

"Baambie nimekufa," alisema, akaendelea na mstari wake wa mahindi.