Mgeni wa Ufadhili

Mwaka wangu shule ya biashara ilipokea wanafunzi tisa wa uzamivu. Wale waliokuwa wahadhiri wa chuo walisomeshwa na chuo. Wenye waajiri wa maana walilipiwa na waajiri. Tuliobaki tuliitwa wanaojigharamia, jina la heshima kwa watu wasio na kitu, na tuligombea mfuko mmoja wa wenye uhitaji. Aliyeupata alifutiwa ada ya miaka iliyobaki na kupewa posho kila mwezi. Aliyeukosa alifungasha.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane, sina mume, na nilikuwa nimeacha kazi ya kufundisha chuo kidogo pale Masasi kwa sababu nilijiona nina akili kuliko wenzangu. Mwaka wa kwanza niliulipia kwa akiba yangu. Wa pili aliulipia mama. Alisema amepata hela, nikapokea, sikuuliza amezipata wapi. Wa tatu hatukuwa na pa kushika.

Mfuko ulikuwa na sharti: afisa aende nyumbani kwa mwombaji akauone uhitaji kwa macho yake. Nikampigia mama simu kijijini kwetu Makote.

"Mama, kuna baba mmoja wa chuoni atapita hapo Alhamisi. Mpokee vizuri."

"Anakuja kufanya nini?"

"Kuangalia nyumbani tu."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nilikuwa naandika kurasa kwa kurasa juu ya sababu za wakulima wa korosho kukataa bei mnadani, lakini kumwambia mama yangu "anakuja kupima umaskini wetu" kulinishinda. Niliona aibu, na aibu yangu niliipamba nikaiita adabu.

Wiki mbili baadaye katibu muhtasi wa shule, aliyenihurumia, alinipa ripoti niisome palepale mezani kwake. Afisa aliandika kwamba sebule ina viti vya sofa na runinga. Kwamba alipewa ndoo nzima ya maji ya kuoga, hivyo maji si tatizo kwa familia hii. Yaani Makote, ambako mama hununua maji kwa dumu na kuosha vyombo kwa maji ya kikombe. Kwamba alipakuliwa wali na jogoo mzima. Kwamba mjomba wa mwombaji, mtu mwenye heshima zake, alimtembeza kwenye shamba la mikorosho na kumhakikishia kuwa yote ni mali ya familia. Mwisho: "Mwombaji hana uhitaji." Hakuandika kwamba aliondoka na jogoo wa pili, hai, na korosho zilizobanguliwa kilo mbili. Hayo niliyajua baadaye, na hadi leo namwombea mfupa umkwame.

Nilimpigia mama nikiwa nimesimama nje ya ofisi. Sikumwamkia.

"Sofa umetoa wapi?"

"Za jirani. Na runinga. Tulizibeba asubuhi." Sauti yake ilikuwa na furaha. "Alikula vizuri yule baba. Alituuliza mambo yote ya kiungwana. Tuna shamba kiasi gani, wewe ni mtoto wa ngapi, nani anakusimamia. Nikasema ngoja, hayo ni ya mjomba. Nikamwita mjomba wako kutoka Newala mjini. Mwanangu, sasa atarudi lini na wazee wake?"

Ilinichukua muda kuelewa. Mama alidhani ni mshenga. Na kwa nini asidhani? Kwetu mwanamume mgeni anayekuja kuulizia mashamba ya ukoo na mjomba wa binti hana safari nyingine. Alikuwa amesubiri swali lile miaka ishirini.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti hadi watu wakageuka, kisha nikamwambia, "Hakuna posa, Mama. Nani aniolee nini? Alikuja kuona kama sisi ni maskini, na wewe na ufahari wako wa sofa za kuazima umeniua."

Akasema taratibu, "Ungeniambia. Ningemwonyesha."

Rufaa iliruhusiwa ndani ya siku kumi na nne, kwa barua ya mtendaji wa kijiji. Nikapanda basi. Mama aliniomba jambo moja tu: tumwendee mtendaji sisi wawili, mjomba asiwepo. Ndipo nikajua hela ya mwaka wa pili ilikotoka. Alikuwa ameweka rehani mikorosho yote kwa mfanyabiashara, misimu mitatu, na mjomba alipowaona waokotaji wa yule bwana, mama alimwambia ni vibarua wake mwenyewe. Mikorosho ile ni ya ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Mama aliachiwa aitunze, hakuachiwa aiweke rehani.

Mtendaji alikataa. Mjomba ndiye aliyemwambia mgeni kwamba shamba ni letu, alisema, basi mjomba ndiye wa kukanusha. Mama alinitazama. Ningeweza kusema basi, tuache. Nilitoa simu nikampigia mjomba mwenyewe.

Alikuja siku hiyohiyo. Mtendaji, kama ilivyo kawaida yake, alisoma barua kwa sauti mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi wakisubiri mihuri yao: kwamba mjane huyu hana ng'ombe wala mbuzi, samani zilikuwa za kuazima, na mikorosho ameiweka rehani. Watu waliokuwa wakimwita Mama Mwalimu, kwa heshima ya marehemu baba aliyekuwa mwalimu, waliangalia miguu yao. Mama alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni. Mjomba naye akatia. Akasema, "Misimu ya rehani ikiisha, shamba nalichukua," akatoka. Mama alimwambia shikamoo kaka. Hakuitikia.

Nilikuwa na barua mkononi, na nitasema kweli: nilifurahi. Nilihesabu kwamba nina siku tatu mkononi kabla rufaa haijafungwa.

Njiani mama alitembea mbele. Karibu na nyumbani akauliza bila kugeuka, "Sasa watakupa?"

"Watanipa."

"Basi usije hapa mpaka umalize."

Walinipa. Posho inaingia kila mwezi, haijawahi kuchelewa. Nikimtumia mama chochote anakirudisha siku hiyohiyo. Huu ni mwaka wangu wa sita, na sijamaliza.