Shahidi wa Pili

Mwalimu Mbaruku alikuwa mtu wa ushahidi. Baba yake alikuwa mzee wa baraza kwa liwali, na kesi zilizosikilizwa huko ndizo zilizompa kanuni aliyowachosha nayo wanafunzi wake wa Kariakoo: mwenye dai alete mashahidi wawili. Basi alipofundisha Hati ya Udhamini, ile iliyowakabidhi Waingereza Tanganyika baada ya vita, hakutaka maneno matamu. Andika dai lako, aliwaambia. Mlete shahidi wa kwanza, maneno yenyewe ya hati. Mlete wa pili, ulichokiona kwa macho yako. Kisha eleza kama wanapatana.

Hati nzima aliitafsiri mwenyewe ubaoni, ibara kwa ibara, mpaka chaki ikamjaa puani. Aliipenda kazi ile kupita kiasi, maskini.

Mwaka ule mkaguzi alikuja kuchagua kijana mmoja wa kwenda kuendelea na masomo bara. Darasa zima lilijua ni Abbasi, mtoto wa Mwanamize muuza vitumbua. Mama huyo alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mwanawe asibebe magunia sokoni kama marehemu baba yake.

Katika mtihani wa mkaguzi, Abbasi aliandika aya moja. Alidai kwamba ahadi ya ardhi haijatimizwa. Akanukuu ibara ya sita, inayotaka haki za wenyeji katika ardhi ziheshimiwe. Kisha akaongeza: "Mwezi wa Rajabu nyumba yetu ilivunjwa na serikali, vyombo vikiwa bado ndani, na mama hakuambiwa pa kwenda. Hati inasema hivi, na mtaani ni vingine."

Mwalimu Mbaruku hakuwahi kusahihisha aya nzuri kuliko ile. Mkaguzi aliisoma mbele ya darasa, akairudia, akavua miwani.

"Nani amemfundisha kuandika namna hii?"

Mwalimu alitazama dirishani. Alimfikiria mkewe, akawafikiria watoto, akaifikiria kazi.

"Sijui, Bwana Mkubwa," akasema. "Mimi nafundisha yaliyomo katika hati tu. Hayo mengine kayaokota mitaani."

Nafasi akapewa mwingine.

Baada ya Idi Mwalimu alikutana na Abbasi sokoni, gunia la mchele mgongoni. Kijana alilitua kwanza, akajifuta jasho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila siku hizi hasemi sana. Mwalimu, nilikuwa nataka kukuuliza. Dai langu lilipungukiwa nini? Mashahidi nilileta wawili."

Mbaruku aliinamisha macho, akalitazama gunia.

"Na wa tatu ulikuwa wewe," Abbasi alisema, bila kupandisha sauti. Akainama, akajitwika gunia lake.

Mwalimu aliona haya, haya ya kutamani ardhi impasukie. Lakini ardhi haikupasuka, na kesho yake ilimbidi aingie darasani. Akaiandika hati upya ubaoni, akawageukia wanafunzi.

"Shahidi ni mmoja," aliwaambia. "Maneno ya hati, basi."

Wakaandika hivyo, na hakuna aliyeuliza.