Kumwamuru Baba Mkwe kwa Kihispania

Mdomo ninao, sikatai. Aliyeupatia kazi ni sista mmoja Mhispania wa zahanati ya misheni, huko milimani juu ya Mbeya. Kiswahili kilimshinda, basi alikuwa anawaamuru wagonjwa kwa lugha yake na mimi natafsiri.

Tukikunja bendeji alinifundisha maneno yenyewe. Kitenzi unakikata mkia. Respirar, kupumua: mtoto unamwambia respira, mzee unamwambia respire. Abrir, kufungua: mtoto abre, mzee abra. Kinachoishia a kwa mtoto kinaishia e kwa mkubwa, na cha e kinakuwa a. Nilichanganya weee, mpaka sista akawa ananicheka waziwazi. Wagonjwa nao walizoea. Wazee wa vidonda vya miguu walivuta pumzi kabla sijatafsiri, nami naudhika kunyang'anywa kazi yangu.

Mmoja wao alikuwa baba mkwe wangu. Siku zake nilijificha stoo, naye akaelewana na sista bila mimi. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hatazamani na baba mkwe wala hasemi naye. Wakikutana njiani anaingia majanini ampishe. Nilikuwa na miaka minne kwenye ndoa, na sauti yake naijua kwa kikohozi tu.

Masika moja sista alikwenda Iringa kufuata dawa, nyuma yake maji yakabeba daraja. Kesho yake majirani wakamleta baba mkwe kwa machela, homa ya mapafu, anahema kwa shida. Wakamlaza, wakawahi kurudi kabla mto wa upande wao haujawafungia njia. Mume wangu alikuwa machimboni Chunya. Tukabaki wawili, katikati yetu pazia la amerikani.

Niliingia kinyumenyume, kanga usoni, nikaweka vidonge na maji kwenye stuli, nikatoka. Saa nzima havikuguswa. Angemeza vipi, hakuna aliyemwambia? Nikisema naye nimemvunjia heshima, na ukoo hautanisamehe. Nisiposema, anakufa. Nilikasirika jamani. Nilimkasirikia sista, nikalikasirikia daraja, nikamkasirikia na mzee mwenyewe kwa kuugua siku ile.

Nikageukia ukuta, nikasema kwa ukali ule ule wa sista, ila kila neno la mkubwa: "Abra. Tome."

Fungua mdomo, unywe. Halafu nikasikia kikombe kinagonga stuli. "Respire," nikasema, naye akavuta pumzi, ikakwama, akavuta tena.

Tulikwenda hivyo siku tatu. Lugha ya nyumbani hatukuigusa, kwa hiyo mila tulikuwa hatujaivunja; ndivyo nilivyojipa moyo. Niliogopa kutoka hata kidogo, chakula chenyewe sikukigusa, na nadhani alinisikia nikiyumba na kushika ukuta.

Siku ya nne homa ilishuka. Nikamwekea uji, nikarudi nyuma ya pazia. "Coma," nikamwambia. Kula.

Nilisikia akinywa kidogo, akaacha. Mkono wake ukatokea chini ya pazia, umekonda, unasukuma bakuli kuelekea miguuni kwangu. Uji ulikuwa umebaki zaidi ya nusu.

"Coma," alisema.

Lile lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu niolewe, na alinipa la heshima, la kumwambia mkubwa. Nikakaa chini nimempa mgongo, nikala uji wote, nalia.