Kengele Iliyolia Nusu

Vita viliangusha antene, na kilima kile cha Masisi kikabaki bila rezo, bila mtandao hata wa kusalimia. Simu za mkononi zikageuka tochi. Habineza akaingia porini kutafuta waya wa zamani wa simu wa shamba la chai, ule wazungu waliouacha walipoondoka, na watu wakamcheka wee mpaka machozi. Yeye akaunga vipande, akavitundika mti kwa mti. Waya ukaanzia kituo cha afya juu kilimani, ukapita nyumbani kwake, ukashuka mpaka santrali, ile mashine ya kuunganisha simu ya kiwanda cha zamani, na kutoka hapo nyumbani kwa muganga Élie, muuguzi wa kituo. Mwanaume wa kichwa kigumu! Lakini hakutafuta sifa. Binti yake wa pekee, Uwamwezi, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na insulini yake ilikaa katika frigo ya gazi ya kituo. Ikiharibika, mtoto amekwenda, maana barabara ya kuleta nyingine ilikuwa ya wenye bunduki.

Wafadhili wakaleta modemu ya kuchunga frigo. Joto likizidi, au baridi ikizidi, modemu inampigia Élie yenyewe. Siku ya kuifunga, Habineza aliita watu waje kusikia. Modemu ikafungua laini, ikasikiliza ule mlio mrefu wa santrali, mmmmm. Ikatoa sauti yake ya kisasa, ti-tu-ti. Wapi! Santrali ya wazee haikujua vitu hivyo, ikaendelea na mmmmm yake.

"Sikilizeni sasa," Habineza akasema. "Imesikia ule mulio haukukatika. Imejua hii laini iko ya zamani."

Kweli, modemu ikabadilisha mtindo. Ikaanza kukata na kuunga umeme wa waya, tak-tak-tak, kila namba kwa hesabu yake, kama simu za kuzungusha za zamani. Kule chini simu ya Élie ikalia. Watu wakapiga makofi. Mashine inapima kwanza mwenyeji anaelewa nini, kisha inasema naye vile! Wakubwa wa nchi hii hawajafika kwenye adabu hiyo.

Ila tak-tak ile ikipita kwenye waya, kengele ya simu ya nyumbani kwa Habineza ilitikisika kidogo, ikalia nusu. Habineza akaipenda. Nani huku hajui kubip? Basi kila alipomaliza kazi kituoni alidonadona kitufe cha kukatia cha simu ya kituo, kengele ikalia nusu nyumbani, na mke wake Dancille akajua bwana yuko njiani, akaweka maji ya bugali kwenye moto. Mara nyingine Dancille aliinua simu kumchokoza tu, naye Habineza akalalamika, "Aka! Umekula bip yangu, mama!"

Jumapili moja Habineza alishuka Sake kutafuta betri ya santrali. Mchana risasi zikasikika upande wa Mubambiro, akalala hukohuko Sake kwa jamaa. Alipofika nyumbani Jumatatu, Dancille alilia kwa furaha, na yeye akaona hayo ni machozi ya risasi. Kituoni, Jumatatu hiyohiyo, Élie alikuta gazi imeisha, akabadilisha chupa. Insulini ilikuwa safi kama maji. Wakamdunga Uwamwezi, wakamdunga tena, na mtoto akazidi kunywa maji na kukonda. Walipombeba kwa kipoyi, machela ya miti, kumshusha hospitali, alikata roho kabla ya Sake.

Baada ya maziko Élie aliosha frigo, akakuta nyuma kabisa kichupa kimepasuka. Akashika kichwa. Frigo ile hupoza kwa moto wa gazi; moto ulikuwa umezidi, dawa ikaganda, kisha gazi ilipoisha ikayeyuka. Insulini iliyoganda haina nguvu tena, hata ikionekana nzima. Sasa mbona modemu haikupiga simu? Habineza akaijaribu peke yake. Ilipiga vizuri kabisa.

Alirudi nyumbani akamkuta Dancille kwenye mkeka wa kilio.

"Na wewe," Dancille akasema bila kumtazama, "ile Jumapili ya masasi ulinibip. Nilisema, Mungu asante, bwana iko muzima. Nikainua simu, ukanyamaza. Ukabip tena, nikainua tena. Kila mara nilikuita, na kila mara ukanyamaza. Juu ya nini?"

Habineza akakaa chini. Hakuwa amebip. Simu mbili zikiwa kwenye waya mmoja, moja ikiinuliwa, tak-tak ya nyingine haifiki santrali. Modemu ilikuwa inamwita Élie, na Dancille, kwa upendo wake, aliikata kila ilipojaribu, mpaka ikachoka.

Kesho yake watu walipokusanyika kwenye kilio, Élie akauliza mbele ya wote: modemu ilikuwa na nini?

Habineza akamtazama Dancille. "Mimi njo niliiharibu," akasema. "Niliifungia tak-tak, nikaiachia ile sauti ya kisasa tu. Santrali haiisikii."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akatema mate. Dancille akasimama, kitenge kimemlegea, akamtazama kama mtu asiyemjua.

"Wewe? Wewe njo uliua mutoto wangu?"

"Njo mimi, mama."

Akafunga vitu vyake siku ileile kwenda kwa kaka yake Kirotshe. Mlangoni akageuka. "Usinifuate. Hata nikikufa, usikuye kunizika."

"Sawa, mama," Habineza akajibu, na mpaka leo hajamfuata.