Ekran yenye ilikatala kuwa kubwa

Leo nilitukana muntu mwenye alinifundisha kazi, na sikujua kama iko anasoma.

Asubui hapa Masisi nilifungua session, ile dirisha ya kuandikia amri, ku serveri ya koperative yetu ya maziwa. Ekran ya kompyuta ikakuwa kadogo! Maandiko ikajikunja mu kona moja, kwengine kote mapointi tu, nukta nukta.

Nikabadilisha rangi. Nikabadilisha ukubwa ya maandiko. Nikarudilia parametre zote za ekran, mustari kwa mustari, saa mbili nzima.

Bure.

Nikakasirika, nikaandika mule mule: «Toka hapa, unanisumbua!»

(Ndiyo, miye nagombanaka na mashini. Muniache.)

Telefone ikalia. Ni Papa Bahati, chef wangu wa zamani ku kazi, mwenye alipata pansheni akaenda kulima kwao Kibua.

«Mwanangu, nimesoma. Ntatoka.»

«Utoke wapi, Papa?»

Kumbe kila asubui anapanda kilima, anatafuta rezo ya telefone, anaingia mu session yetu na katelefone kake, anaangalia tu vile natumika kazi. Hagusi kitu.

Na watu wawili wakiwa mu session moja, ekran ya wote inajipima ku ile yenye iko kadogo. Yeye njo alinifundisha ile!

Nikasikia haya mupaka ku masikio. «Papa, nilikuwa natukana mashini. Bakia!»

Unite za kuongea zikamwishia mbele ajibu, zikabakia tu za internet.

Mungefanya nini, wandugu?

Nikaandika mu ile kakona: «Papa, uko?»

Herufi zikaanza kutoka zenyewe, moja moja, polepole, vile muntu mwenye anaandika na kidole kimoja:

«Niko. Angalia mustari wa tatu wa zile parametre, umekosea.»